Mrija wa Papa

Kilibula, Uvira

Yaya Clovis, kaka yangu,

Huku tuko salama. Mbuzi wa Mama amezaa mapacha, na mvua imebomoa jiko. Ile wiski uliyomutumia Papa niliimwaga; usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Jumamosi familia ya mchumba wangu ilileta mahari. Wakatua mtungi wa kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi, mbele ya Papa, wakamupa mrija. Weye unajua: baba wa binti asipokunywa, amekataa mkwe. Lakini daktari alishamukataza, maana pombe na ile dawa ya viungo anayomeza kila juma vinaharibu maini. Mwaka jana alionja kidogo tu, macho yakawa ya njano, tukamulaza hospitali. Hiyo hatukukuandikia.

Nyumba nzima ikamugeukia Papa.

Papa akanyoosha mikono. Vile vidole vilivyovimba miaka yote akavikunja ngumi, akavikunjua.

"Mikono hii nimerudishiwa na dawa," akasema, "na pombe itaninyang'anya. Kijana nimemukubali. Mzee mwenzangu, unywe kwa ajili yangu."

Akashika mrija kwa vidole viwili, akaufikisha kinywani mwa mzee Ndihokubwayo, baba wa mchumba wangu. Mzee akanywa machozi yakimutoka. Hata vigelegele vilichelewa. Wamama walikuwa bado wanaangalia vile vidole.

Weye uliondoka Mama akimulisha Papa kwa kijiko. Njoo umusalimie. Atakubana mkono mpaka ulie.

Mdogo wako,
Irakoze