Twiga wa Malindi na Bakuli la Mama Divine

Jumatatu, 4 Agosti

Shingo ya twiga wangu wa kitambaa imelala tena. Nimeitia waya, nimeijaza sponji, nimeishona mara tatu, na leo ikamwangukia anayeigiza mfalme wa China. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mgongo unauma, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Agosti ya huku kusini, hapa Newtown, na onyesho ni Jumamosi.

Mchezo kauandika Otieno, Mkenya wa benki kule Sandton. Zaidi ya miaka mia sita iliyopita mfalme wa Malindi alimpelekea mfalme wa China twiga, mzima, kwa meli. Kule wakadhani ni mnyama wa baraka wa hadithi zao. Namwonea huruma twiga. Miguu ile, miezi yote ile amesimama.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepishana na Mama Divine kwenye ngazi. Kanipita kama anayepita nguzo. Jirani yangu wa chini hapa Troyeville, Mrundi, aliyenilisha Januari nzima nilipougua mapafu. Kila siku maharage, katika bakuli lake la bluu. Siku ya mwisho bakuli likabaki kwangu. Liko juu ya kabati. Miezi saba.

Sababu ni ya kijinga. Kwetu Tanga chombo cha jirani hakirudi kitupu. Nami nilitaka lirudi na kitu cha maana, pilau ya kuku, si vijiko viwili vya sukari. Kila wiki nikasema wiki ijayo, nikipata nafasi. Aibu ikaingia. Nikawa nasubiri mlango wake ufungwe ndipo nitoke. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Nayajua hayo yote.

Jumatano, 6 Agosti

Shingo. Kutwa nzima, shingo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mlinzi wa jengo kaniambia Mama Divine anahama Jumapili, anakwenda Durban kwa bintiye. Kaniambia na anavyonisema: yule Mtanzania kapona, kanyamaza, hata bakuli kala.

Nimelia. Mimi si mwizi. Nilikuwa na rafiki mmoja tu katika mji huu wote, na nimempoteza kwa adabu zangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemuuliza Otieno: na huyo mfalme wa China, alirudisha nini?

"Hariri, mama, na vyombo vya kauri. Angewaachaje wajumbe waende mikono mitupu? Ni aibu."

Kumbe ugonjwa huu ni wa kale. Ila yeye alikuwa na maghala. Mimi nina cherehani. Nimenunua kuku, nimemtia kwenye friza. Kesho asubuhi napika, lazima.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikupika. Alfajiri wamenipigia simu, shingo imechanika. Nimeivua ngozi yote, nikaikaza kwa ndani kwa kanga yangu. Ikasimama.

Twiga alipoingia ukumbi mzima uliinuka. Sikumwona. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimekaa juu ya ndoo, nawaza bakuli. Nimerudi nyumbani siwezi hata kuvua viatu. Kuku bado jiwe.

Jumapili, 10 Agosti

Lori la mizigo limekuja mapema. Nikashuka na bakuli. Tupu. Marehemu mama angenikana. Nikamweleza Mama Divine yote, palepale katikati ya magodoro: Tanga, pilau, kuku, twiga.

Akanitazama sana.

"Yaani miezi saba unanikimbia juu ya pilau? Dada, mimi nilizani umenichukia."

Akacheka mpaka akakaa juu ya godoro. Mimi nikalia. Kisha akafungua sufuria ya chakula cha njiani, akajaza bakuli maharage, akanipa.

"Kula. Umekonda."

Nikamwuliza, na bakuli?

"Utalileta."

Nikamkumbusha kwamba Durban ni mbali. Akasema twiga alifika China. Dereva akapiga honi, Mama Divine akapanda.

Jengo kimya. Nimekula maharage yote, hata mchuzi nimeufuta kwa mkate. Nimeliosha bakuli. Sikulirudisha juu ya kabati. Liko mezani.