Mtoto Uliyeniachia Hasikii

Mama,

Leo asubuhi nimeshindana na mtoto wa miaka miwili na nusu juu ya kijiko, na nimeshindwa. Nilimwambia aniletee. Akanitazama. Nikarudia, nikapandisha sauti, naye akaketi akaanza kuvua viatu. Ulimlea Adhiambo, Mama, au ulikuwa unamfuga tu? Nisamehe. Nimechoka, na ninakulaumu wewe kwa kuwa huwezi kunijibu.

Ni miezi minne tangu tukuzike nyumbani Homa Bay, na tangu siku hiyo mwanangu anaishi nami hapa Masara. Nilikuachia akiwa mchanga ili nije kuwapikia wachimbaji dhahabu, nawe kila Jumapili ulinipigia simu kujisifu. Adhiambo ameleta kigoda. Adhiambo amempelekea jirani kikombe na kurudi. Nami nikajigamba kwa wateja kwamba mwanangu ana akili. Sasa wateja wale wale wananicheka.

Namwambia: chukua kikombe, weka kwenye beseni, halafu uje uvae sweta, na usiguse jiko. Namwambia kwa Dholuo, uliyomlea nayo, usije ukasema nimembadilishia lugha. Anashika kikombe, anasimama nacho, basi. Au anakwenda moja kwa moja kugusa jiko.

Mama Brayo, anayeuza mboga kando yangu, aliniambia wazi: "Huyu mtoto hasikiangi. Mpeleke masikio yaangaliwe." Nikafunga kibanda siku nzima nikampeleka. Daktari akamchezea kengele nyuma ya kichwa, akasema masikio ni mazima. Nililia kwa hasira njia nzima. Angekuwa kiziwi ningejua la kufanya. Lakini mtoto anayesikia na hafanyi, nikaona ni dharau, na tulipofika nyumbani nikamchapa. Najua ulinikataza.

Huku si kwako, Mama. Nyuma ya kibanda changu kuna shimo la dhahabu lililoachwa wazi. Wachimbaji wakimaliza mahali wanahama, shimo linabaki. Mtoto asiyesimama akiambiwa simama, hapa tutamzika. Kelele zangu zote zilikuwa za hilo, si za vijiko.

Alhamisi iliyopita nilikuwa nasonga ugali, nikainua macho nikamwona kule nyuma, anafuata kuku. Nikapiga kelele: usiende huko, utaanguka, rudi hapa, nimekwambia mara ngapi. Akanitazama, akacheka, akaendelea. Nikakimbia. Alipoona nakimbia akadhani ni mchezo, naye akakimbia, kuelekea shimo.

Nikasimama. Nilikukumbuka wewe Krismasi ile nilipokuja nyumbani, umechuchumaa uani na mikono umeinyoosha, unamwita akaoge. Ulimwita mara moja ukanyamaza. Mimi niliona unapoteza muda, nikataka kwenda kumbeba, ukanizuia kwa jicho. Akaja mwenyewe.

Basi nikachuchumaa pale vumbini, nikanyoosha mikono. "Bi," nikasema. Njoo. Kisha nikanyamaza, Mama, na kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko siku tuliyokuzika. Alikuwa akimtazama kuku. Akaitazama mikono yangu, halafu uso. Nililiona lile neno likimwingia polepole. Akageuka, akaja.

Kumbe haikuwa dharau. Nilikuwa namrushia maneno manne kwa mpigo, nimempa mgongo, na kabla hajalishika la kwanza nishamkaripia kwa la nne. Wewe ulimpa moja, ukampa na uso wako, ukamwachia nafasi. Kwa nini hukuniambia? Jumapili zote zile unanisimulia kigoda na kikombe, hukusema hata mara moja unafanyaje. Labda ulidhani najua, kwa sababu hata mimi ulinifundisha hivyo hivyo. Mimi nilikuwa mdogo, Mama, ningekumbuka vipi?

Nilimbeba hadi kibandani huku nalia kwa sauti, wateja wakitazama. Akajisukuma akashuka, akaketi chini, akapigapiga udongo kando yake. "Bed piny," akaniambia. Keti. Kisha akanyamaza, macho yote usoni pangu, akaningoja. Ugali ulikuwa unaungua. Nikaketi. "Ber," akasema. Vizuri. Kwa sauti yako kabisa.

Vijana wa hapa wamelizungushia shimo mabati. Sitamchapa tena, hilo nakuahidi. Kuhusu kijiko cha leo siahidi kitu, maana nilijua la kufanya na bado nikapiga kelele. Mimi pia ndio kwanza najifunza.

Lakini kuna neno moja nimelikwepa. Kila asubuhi anasimama mlangoni akiuliza, "Dani?" Bibi yake yuko wapi? Nami namjibu maneno chungu nzima: umesafiri, umelala, uko kwa Mungu, anywe uji upesi. Mwezi ujao nitamleta nyumbani, Mama. Pumzika hadi tufike. Nitachuchumaa pale kaburini, nimshike mikono, nimwambie mara moja tu kwamba umekufa. Kisha nitanyamaza, hata akichukua siku nzima kuelewa.

Mwanao,
Atieno