Kaburi la Sekunde Kumi

Karatu, Alhamisi

Na bado ananiita "mzee wangu", huyu Elibariki mwenye projekta! Filamu yake haina sauti. Sisi wapiga tarumbeta wa kanisani ndio tunaoipa muziki papo kwa papo. Nimemweleza kwa subira kwamba mazishini hatukati wimbo kabla kaburi halijafukiwa. Kwenye filamu kaburi linapita kwa sekunde kumi, kisha harusi.

Leo mazoezini, bibi harusi kwenye picha alikuwa anacheka, sisi tungali kwenye ubeti wa pili wa maziko.

"Kateni, mzee wangu, au Jumamosi kwenye onyesho nawawekea watu muziki wa simu!"

Namchukia, Mungu anisamehe.

Tuliporudia, nikashusha mkono, nikakata wimbo wa maziko. Wimbo wa harusi ukaanza sawia na picha yake. Elibariki akapiga makofi.

Tluway, mpiga tarumbeta mwenzetu tuliyemzikia mkewe mwezi uliopita, ameondoka bila kuniaga.