Shingo ya bwana arusi ya Sakania

Masiya, mujikulu wangu,

Jambo yako kule Kolwezi. Huku Makomeno tuko bazima. Nkambo yako mwanamuke, bibi yangu, anapika bukari ya bunga mulima muzima, kisha anashangaa juu ya tumbo yangu!

Unaniandikia kama ku lopitalo, pa mashini ya ekografi, ile ya kuangalia ndani ya mwili, unapima upana ya mushipa ya shingo, unarudilia, unakuta kipimo ingine, munganga mukubwa anakugombeza. Unauliza kama hii kazi iko yako kweli.

Mutoto, nilisoma miaka tatu tu, lakini shingo naijua. Mu bujana nilikuwa nashona mashimizi ku Sakania. Siku moja nikapima bwana arusi moja. Alikuwa na boga, anaogopa ndoa, ameinua kidevu sawa jogoo, shingo ikajinyoosha, ikakuwa nyembamba. Nikashona vile nilipima. Siku ya ndoa akainama kukula, kifungo ikamukaba, akashindwa kumeza. Mama mukwe akapiga kelele: "We fundi! Unatuulia mukwe mbele ya nyama!"

Toka pale, sikugusa tena metre, ile kamba ya kupimia, mbele ya kumuuliza kwanza muntu habari ya mama yake. Anacheka, mabega inashuka, njo napima.

Na weye, musalimie mugonjwa kwanza. Muache apumue. Mukono yako nayo itatulia.

Sasa siri: munganga ya huku aliniambia banipime ile mishipa ya shingo. Nasema sina nafasi. Ni bongo, si kweli: naogopa. Mwezi yenye kukuja nitapanda gari nikuje kwako. Ukiniona nimeinua kidevu sawa jogoo, uniulize habari ya mama yangu.

Nkambo yako, fundi ya mashimizi