Mtani Hanuniwi

Tabora, 6 Julai 1952

Dada yangu mpenzi Josepha,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Mimi na mke wangu Apolinaria hatujambo, tunaomba wewe, shemeji na mama muwe hivyo hivyo. Goti la mama linaendeleaje? Dawa ya kuchua nimeshaipata, namtafuta mtu wa lori la Puge nimpe awaletee.

Nina habari njema. Tangu mwezi uliopita mimi ndiye nyapara wa ghala la nta. Warina asali wanatuletea nta chafu kutoka porini, sisi tunaiyeyusha kwenye mapipa, tunaichuja kwa magunia, tunaigandisha, kisha inakwenda stesheni. Nina vibarua kumi na wanne. Tumepewa na nyumba ya bati yenye vyumba viwili. Apolinaria ameshapanda maua mbele, utadhani amezaliwa humo.

Lakini dada, unyapara huu ni wa majaribio. Bwana, yule mzungu mwenye ghala, ameniambia waziwazi kwamba vibarua wanachelewa, wanalegea, wanaacha kazi ovyo. Nisipowabadilisha hadi mwisho wa Septemba ataweka nyapara mwingine, na nyumba nitamwachia huyo. Dawa ya ulegevu huo amekuja nayo mwenyewe: kila mwezi kibarua bora atapewa blanketi jipya la sufu mbele ya wenzake, ili wote watamani. Mimi ndiye mchaguzi. Nimeshamwona wa kwanza, anaitwa Dionis, kijana wa Sikonge, ana nguvu za ng'ombe na hasemi neno. Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Niombee.

Mdogo wako,
Sylvester

Puge, 15 Julai 1952

Mdogo wangu, nyapara mkubwa,

Milele amina. Marahaba. Mama aliposikia habari ya nyumba ya bati alipiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio wakidhani nimejifungua, kwa umri wangu huu! Goti ni lile lile, ila siku hiyo lilicheza.

Tunapura mtama, na kikundi changu ni wanawake kumi na tisa, kwa hiyo mikono ina malengelenge na sikuandikii mengi. Nakuuliza kitu kimoja. Hao watu wako kumi na wanne unawajua? Sisemi majina. Nani anawachekesha, nani ana mgonjwa nyumbani, nani akinyamaza na wengine wananyamaza? Blanketi ni jema, sikatai. Nihadithie lilivyopokelewa.

Dada yako,
Josepha

Tabora, 27 Julai 1952

Dada Josepha,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Miili yetu ni mizima, roho yangu ndiyo mgonjwa. Lile blanketi limeniletea balaa.

Tuliwapanga vibarua mstari, Bwana akasimama na kofia yake, nikaita jina la Dionis. Alilipokea. Hajapiga hatua tatu akachomoka Mfaume. Huyu ni Mzaramo, alikuja na gari moshi miaka mingi iliyopita akabaki, kazi yake kukoroga mapipa. Akalinyakua blanketi, akajitanda kama bibi harusi, akasema, "Tangu lini mpagazi wa Kinyamwezi akalala kwenye joto? Babu zenu walibeba pembe mpaka kwetu pwani, wakilala chini kama magogo. Hili langu, wewe endelea kubeba!"

Watu wakaangua kicheko. Hata Dionis alicheka, na meno yake sikuwa nimewahi kuyaona.

Dada, nilijua ni utani. Nani asiyejua kwamba Mzaramo ni mtani wetu tangu enzi za misafara? Lakini Bwana alishakuwa mwekundu. Akaniuliza, "Huyu mwizi? Ananyang'anya zawadi mbele yangu?" Nikaona nyumba ya bati inaniponyoka. Nikapaza sauti, nikamwita Mfaume mwizi asiye na adabu, nikamwambia alirudishe blanketi na kazi hana. Alilikunja vizuri, akampa Dionis kwa mikono miwili, akaenda zake.

Jumatatu Dionis akaniletea blanketi mezani. Nikamuuliza lina kasoro gani. "Halina, nyapara. Ila sitalala nalo." Tangu siku hiyo hakuna anayeimba kwenye mapipa. Watatu wameacha kazi. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Sylvester

Puge, 5 Agosti 1952

Sylvester,

Umekosa. Nimetanguliza hilo ili lisipotee katikati ya salamu. Sasa nakusalimu: hatujambo, dawa imefika, mama anakushukuru.

Mtani hanuniwi, mdogo wangu, sembuse kufukuzwa. Ulifundishwa hilo kabla ya alfabeti. Bwana wako ni mgeni, hana kosa. Wewe ulijua.

Nikuambie tunavyofanya huku. Zamani mwanamke aliyewashinda wenzake kupura nilimsifu tu mbele ya wote, nikimpa na kikapu cha mtama. Kesho yake wenzake walimkwepa kisimani, wakisema anajiona. Mmoja alihama kikundi kwa sababu ya sifa zangu! Siku hizi tukimaliza, mawifi zake na watani wanamkamata huyo mshindi, wanampaka makapi uso mzima, wanamwambia ameiba mikono ya watu. Yeye anacheka, sisi tunacheka, kikapu anakwenda nacho, na usiku hakuna anayemwonea kijicho. Sifa ikienda peke yake inamtenga mtu. Ikipita kwanza kwa mtani, wenzake wanaweza kuila naye.

Mfaume alikuwa anamsafishia Dionis blanketi lake, na kwa kufanya hivyo alikuwa anakusaidia wewe kazi yako. Dionis ameona hilo, ndiyo maana hawezi kulala nalo.

Nenda kwake. Usimwite ofisini, nenda wewe. Atakutoza faini, nawe uitoe hata ikiwa ya aibu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama.

Dada yako,
Josepha

Puge, 30 Agosti 1952

Sylvester,

Wiki tatu na siku kadhaa, kimya. Dereva wa lori anasema alikuona sokoni mzima, umebeba papai. Kama umenikasirikia, sema. Mama ananiuliza kila siku kama bado mna nyumba, na mimi sijui nimjibu nini.

Dada yako,
Josepha

Tabora, 4 Septemba 1952

Dada yangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na shikamoo nyingine ya kuomba radhi. Sikukukasirikia, niliona haya. Nilijiambia wewe ni mtu wa mtama, mambo ya ghala huyajui. Basi blanketi la Agosti nikampa Silasi, kibarua mwingine, kimyakimya, nyuma ya stoo, asionekane na mtu. Siku ya pili nililikuta mezani kwangu, juu ya lile la Dionis. Nikakaa na mablanketi yangu mawili kama mwenye duka lisilo na wateja.

Ijumaa ya tarehe 22 nikaenda kwa Mfaume, mtaa wa Ng'ambo. Alikuwa anashona kiatu mlangoni. "Karibu, mpagazi," akasema bila kuinua macho. "Umekuja kunipora na hiki?" Dada, nilitamani kumkumbatia. Nikamwambia nimekosa, atoe hukumu. Akafikiri sana, huku anafurahi, namjua. Kisha akasema nitabeba mzigo wa nta kichwani, kutoka getini hadi kwenye mapipa, yeye akitangulia kama kiongozi wa msafara, saa ambayo watu wote wapo.

Jumatatu nikaubeba. Shingo iliingia mabegani. Mfaume alikwenda mbele na fimbo, akiimba nyimbo ambazo siwezi kumwandikia dada yangu, na vibarua wakaitikia kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Julai. Nikainua macho, nikamwona Bwana dirishani.

Aliniita. Nilimwambia kweli yote: Mfaume hakuiba, hii ni desturi yetu, mimi niliijua nikaikana kwa kumwogopa yeye. Akasema Mfaume anaweza kurudi, ila tarehe ya mwisho wa Septemba iko pale pale.

Dionis alikuja mwenyewe kuchukua blanketi. Mfaume akampora tena, akalilalia siku mbili, akalirudisha likinuka tumbaku. Dionis haachi kulisimulia. La Silasi lilipita njia hiyo hiyo. La mwezi huu nimewaambia wamchague mshindi wenyewe, mimi nitaita jina tu. Wawili kati ya walioacha wamerudi. Sijui kama yanatosha, dada. Apolinaria anamwagilia maua yake na wala hataki kuzungumzia mwisho wa mwezi.

Mdogo wako,
Sylvester

Tabora, 2 Oktoba 1952

Dada yangu Josepha,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Sisi wazima, na nakuandikia nikiwa bado kwenye nyumba ya bati.

Juzi Bwana aliwakusanya watu wote uani. Hakuniuliza mimi, aliwauliza wao: nyapara huyu abaki au aondoke? Mara akatoka Mfaume.

"Aondoke!" akasema. "Mvivu huyu! Mzigo mmoja tu, akaja analia kama mjukuu wangu. Shingo hana, sauti hana, na chakula anachokula kingelisha stesheni nzima. Mkewe ndiye angefaa kuwa nyapara!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanamtazama Bwana. Bwana akageuka kwangu, akauliza taratibu, "Huu ni utani?"

Nikasema ndiyo.

"Basi hasa anasema nini?"

Aliyejibu ni Dionis, yule asiyesema. Alipiga hatua moja mbele, akavua kofia. "Anasema abaki, Bwana. Na sisi sote tunasema hivyo."

Nimethibitishwa. Nililia mbele ya vibarua kumi na watatu, na Mfaume amepata la kunisimanga hadi nizikwe.

Sasa ni zamu yako. Mwaka ule baba alipofariki, ulikwenda kulima mashamba ya watu Igunga ili mimi nisiondoke shule ya mapadre. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona, na nikala, nikavaa, nikasoma, nisikuambie kitu. Yote niliyo nayo leo yametoka mikononi mwako. Ahsante, dada. Nimechelewa miaka kumi na sita.

Mdogo wako,
Sylvester

Puge, 11 Oktoba 1952

Mdogo wangu Sylvester,

Milele amina. Marahaba, baba. Hatujambo wote. Barua yako nilimsomea mama, na tulipofika kwenye maneno ya Dionis alinitaka nirudie, kisha akanituma kwa jirani nikairudie na huko. Krismasi tutakuja, mimi na yeye, tuyaone maua ya Apolinaria. Mwambie Mfaume ajiandae, na sisi wanawake tuna midomo.

Ukurasa wa mwisho sikumsomea mtu. Nilikwenda nao nyuma ya ghala letu la mtama, nikausoma, nikalia, nikausoma tena. Siku zote nilijiambia haidhuru, ndugu kwa ndugu hawashukuriani, nilifanya kwa sababu ilibidi. Kumbe nilikuwa nasubiri.

Dada yako,
Josepha