Mwangwi Ulioubakiza Kwenye Kanda

Kaka yangu Mutua,

Shangazi ameniambia umefungua studio mpya huko Mombasa, na kwamba unataka nije niimbe siku ya kuizindua. Jibu langu nalitoa mbele ya watu, kwa barua hii ya wazi, kwa sababu ulichonitendea kilisikika mbele ya watu.

Unakumbuka chumba chetu cha mtaa wa Mbotela, na mablanketi tuliyopigilia ukutani ili kelele za majirani zisiingie? Mama alikuwa ameshatutoka. Ulikuwa karani kule Makadara, na ulipoleta ile kompyuta kuukuu yenye programu ya kuchanganya sauti, hata kupika tulisahau. Jumamosi moja tulishinda tukihangaika na mashine ya mwangwi. Sauti yangu ilitoka kwenye kompyuta kwa njia ya pembeni, ile ya aux, ikaingia kwenye mashine, lakini haikurudi. Ukabadilisha nyaya, ukanuna. Mimi nikatazama skrini nikakwambia, "Umeituma, lakini hujaifungulia pa kurudia."

Ukafungua. Nikaimba tena, na chumba kile kidogo kikawa kama kanisa. Ukavua spika za masikioni taratibu.

"Sista, hapo umetoka kama Mama."

Kisha nikashika mimba, na aliyenipa akaruka, akasema si yake. Mzee wa kanisa akaja, akakaa kwenye kitanda chako, akasema kanda ya nyimbo za Mungu tuliyokuwa tukiirekodi haiwezi kuuzwa na sauti ya msichana wa namna hiyo. Nilikuwa nyuma ya pazia nikisubiri useme neno. Ulisema, "Nimeelewa, mzee." Ukamleta Beatrice wa kwaya, ukamfundisha wimbo niliotunga mimi, huku nikiwapikia chai.

Kanda ilipotoka niliisikia dukani, Jogoo Road, tumbo limeshakuwa kubwa. Beatrice aliimba vizuri, sina neno naye. Lakini nyuma yake, kwa mbali, kulikuwa na mtu mwingine. Nikasogelea spika: ilikuwa sauti yangu. Ulikuwa umeshusha sauti yangu hadi chini, ukasahau kwamba ile njia ya pembeni huichukua kabla haijashushwa, ikaipeleka kwenye mashine ya mwangwi. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimetolewa, na mwangwi wangu umebaki kumrembesha mwingine.

Nikaja kukuuliza, "Hiyo sauti ya nyuma ni ya nani?"

Hukuinua macho. "Ni mwangwi tu. Hakuna atakayejua."

Nilihamia mtaa wa Huruma wiki hiyo. Mtoto alizaliwa, hukuja. Ulipohamia Mombasa hukuniaga.

Leo naimba katika kanisa dogo la mabati, nasimama mbele, na binti yangu hukaa benchi la kwanza akipiga makofi bila kufuata mdundo. Kuna siku nafurahi kabisa. Halafu nasikia ile kanda kwa jirani, nafunga dirisha.

Mzee wa kanisa nilishamsamehe. Hakunijua, aliona tumbo tu. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni tukitoka kumzika Mama, ukaniambia nisiogope, wewe upo. Kwa hiyo sitakuja, kaka. Tafuta mwimbaji mwingine. Hilo unalijua vizuri.

Ukae salama huko uliko.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.