Mbio za Mtumishi Mwenye Furaha

Jumamosi. Jua la Buseresere leo halina huruma.

Ilikuwa siku ya ustawi wa watumishi. Mganga mfawidhi wa kituo chetu cha afya alitangaza kwenye grupu la kazini: wote uwanjani alfajiri, mbio hadi njia panda, asiyefika aandike maelezo. Hata sisi wa zamu ya usiku. Hata sisi, jamani! Nimezalisha wanawake usiku kucha, nikavua sare, nikavaa fulana iliyoandikwa "Mtumishi Mwenye Furaha." Nilicheka peke yangu chooni mpaka nikaona aibu.

Mama Kulwa, muuguzi mwenzangu wa zamu, yeye hakucheka. Alikuwa ameegemea ukuta, anahema. Nikampima presha. Iko juu, ya kutisha.

"Mama Kulwa, hukimbii."

"Nitakimbia tu, mdogo wangu. Sitaki maneno na mtu."

Wala mimi sikutaka. Ombi langu la uhamisho liko mezani kwa huyo huyo mfawidhi. Akilipitisha, narudi Shinyanga, Ngokolo, kwa binti yangu anayelelewa na bibi yake. Amejua kusoma mimi sipo. Mwaka mzima nimekuwa mtu wa "sawa bosi", "haina shida bosi".

Filimbi ikalia. Mama Kulwa akapiga hatua, akayumba.

Nikamdaka, nikaketi naye chini katikati ya uwanja.

Mfawidhi akaja mbio, nikamwambia, "Samahani dokta, huyu presha imepanda. Hakimbii. Na mimi nimekesha, sikimbii." Akatabasamu, maana tulikuwa tunapigwa picha. Kisha akainama, akasema polepole, "Na bado unataka uhamisho? Haya."

Hiyo "haya" inanitafuna mpaka sasa.

Hakuna aliyeketi nasi. Walitupita wakitazama pembeni, na siwalaumu, kila mtu ana watoto. Nilimpeleka Mama Kulwa wodini, akapewa dawa. Amelala, anakoroma kweli kweli. Nimesimama mlangoni namsikiliza na nimefurahi. Naogopa, ila nimefurahi.

Mchana binti yangu akapiga simu. Bibi yake amechemsha viazi na kuvianika, matobolwa yamekauka vizuri, na yeye ameniwekea ya kwangu kwenye kopo. Akaniuliza anitunzie mpaka lini.

Nimemwambia ayale.